Mti wa Lindi uliodhaniwa umekwisha, sasa una miche Marekani

Mkoani Lindi, kusini mwa Tanzania, kuna mti ambao hata wengi waliozaliwa mkoani humo hawajawahi kuuona. Unaweza kufika urefu wa mita 24, sawa na jengo la ghorofa saba hivi. Wataalamu wanauita Karomia gigas, na hilo neno la pili maana yake ni jitu. Ajabu ni kwamba jitu hili lina undugu na mimea tunayoijua sote jikoni na uani: liko ukoo mmoja na mrehani, nanaa na mtiki.

Basi mti huu ni miongoni mwa miti adimu kabisa duniani. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, umeuweka kwenye daraja la mimea iliyo hatarini mno kutoweka. Ukipita daraja hilo, linalofuata ni la mimea ambayo haipo tena porini.

Historia yake ni ya kupotea na kuonekana. Wataalamu waliuchukua sampuli kwanza pwani ya Kenya mwaka 1977. Miaka michache baadaye mti uliokuwa unajulikana huko ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana mwingine wilayani Kilwa, lakini waliorudi kuutafuta hawakuupata. Ikafika mahali watu wakaamini umekwisha. Mwaka 2011 ndipo wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena, miti sita tu. Utafutaji wa baadaye ukaonyesha mingine katika misitu ya hifadhi ya Mitundumbea, Kilwa, na Litipo, upande wa Rutamba. Hata hivyo bado ni miti ya kuhesabu mmoja mmoja.

Kwa nini imebaki michache hivyo?

Sababu ya kwanza ni mahali unapoishi. Karomia ni mti wa tambarare za pwani, na tambarare ndiko watu wanakokaa. Ardhi yake inafaa ufuta, mihogo na mikorosho. Barabara zinapita huko, mkaa unatoka huko, mbao zinatoka huko. Msitu wa milimani angalau mwinuko wenyewe unausaidia kujilinda. Huu wa chini kila mwenye panga anaufikia. Moto wa kusafishia shamba nao ukimponyoka mtu mwezi wa tisa, unaingia msituni na kuua miche midogo. Matokeo yake misitu ya pwani kutoka Kenya hadi Msumbiji imebaki vipande vipande, kimoja mbali na kingine.

Sababu ya pili iko kwenye mti wenyewe: uzazi wake ni mgumu. Matunda unatoa, lakini mengi yanashambuliwa na kuvu na mbegu zenye uhai ndani yake ni chache mno. Yaani wazazi wachache, na watoto wachache zaidi.

Hapo ndipo Marekani inapoingia. Mwaka 2018 wataalamu wa bustani ya mimea ya Missouri, iliyoko jijini St. Louis, walishirikiana na wenzao wa Tanzania, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kukusanya matunda ya mti huo. Walikusanya maelfu, wakapata mbegu nzima kidogo tu. Hizo chache zilipandwa kwa uangalifu mkubwa, zikaota, na baada ya miaka michache mti mmoja ukachanua ua huko huko St. Louis, maelfu ya kilomita kutoka Lindi.

Habari njema, ndiyo. Lakini tusidanganyane kwamba mti umeshaokoka. Mti uliomo kwenye nyumba ya vioo, unaopimiwa joto na maji, ni akiba tu. Umetokana na wazazi wachache, kwa hiyo ugonjwa mmoja unaweza kuipiga miche yote. Na miche hiyo ikikua, lazima iwe na msitu wa kurudi. Msitu usipokuwepo, itabaki mgeni wa kudumu ugenini.

Mti usio na soko ni vigumu kutetewa. Angalieni mpingo. Kilwa huko huko, vijiji vimepewa misitu yao, vinavuna mpingo kwa mpango na kuuza wenyewe, na mwaka 2009 walipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Pesa inarudi kijijini, kwa hiyo kijiji kina sababu ya kumfukuza mwizi wa miti. Angalieni pia ubani wa Dhofar: mibani ya Wadi Dawkah imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Karomia haina harufu wala mbao ya kusifiwa sokoni. Kitakachouokoa ni msitu mzima unaouzunguka kuwa na faida kwa jirani zake.

Sasa hili linatuhusu vipi sisi tulioko Muscat, Dubai, Doha au London? Linatuhusu kupitia pesa tunazotuma. Wengi tunanunua mashamba nyumbani kwa simu: mjomba anatafuta, sisi tunalipa, trekta linaingia. Ukinunua shamba Lindi, Kilwa au popote pwani, uliza kwanza mpaka wa msitu wa hifadhi uko wapi, na upitie serikali ya kijiji, usiishie kwa dalali. Kama pana kipande cha msitu wa asili, mwambie anayekusimamia asikifyeke chote. Mlipe achimbe njia ya kuzuia moto kabla ya kuchoma majani. Na mama nyumbani ukimnunulia jiko la gesi na kumjazia mtungi, umepunguza gunia la mkaa lililotoka kwenye msitu wa mtu fulani.

Ripoti ya dunia kuhusu miti iliyotolewa mwaka 2021 ilisema aina zaidi ya 440 zimebakiwa na miti isiyofika 50 porini. Karomia ni moja katika hali hiyo. Tofauti yake na nyingi ya hizo ni kwamba imepata watu wa kuitafuta, kuokota mbegu zake na kuziotesha. Kilichobaki ni ardhi ya kuirudishia, na ardhi hiyo iko mikononi mwa jamaa zetu.