Nukta Ifichayo Mafaili

Je, wajua kwamba mtu ahamiaye kompyuta mpya aghalabu hunakili picha, nyaraka na barua zake za miaka mingi, asitambue kuwa ameacha nyuma mafaili madogo mno yaliyoifanya kompyuta ya kwanza imtii, mpaka siku aandikapo amri aliyoizoea akajibiwa kuwa haijulikani?

Mafaili hayo, kama .bashrc na .profile, hubeba maagizo ambayo sheli, yaani programu ipokeayo amri, huyasoma ianzapo: vifupisho vya amri, na orodha ya saraka, yaani folda, iitwayo PATH, ambamo programu hutafutwa. Majina yake huanza kwa nukta, na nukta hiyo ndiyo sitara yake. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs huko Marekani, ulikozaliwa mfumo endeshi wa Unix, amesimulia kwamba hapo awali mmoja wa waundaji wa Unix alitaka amri ya ls, iorodheshayo yaliyomo katika saraka, isionyeshe alama mbili tu, nukta moja iwakilishayo saraka yenyewe na nukta mbili ziwakilishazo saraka iliyo juu yake. Lakini kwa kutaka wepesi akaagiza kila jina lianzalo kwa nukta lirukwe. Hata kinyota, kitumiwacho kunakili vitu vyote kwa pamoja, kwa kawaida huyaruka. Mimi naona kuwa mtumiaji hana lawama, maana alichukua kila alichoonyeshwa.

Hata hivyo, kuyarejesha hakutoshi. Sheli iitwayo Bash, iliyotolewa na Brian Fox mwaka 1989, ina milango miwili. Ikianza kwa mlango wa kuingilia mfumo, husoma .bash_profile, na ikilikosa hutafuta .bash_login, kisha .profile, ikatosheka na la kwanza ilionalo. Ikifunguliwa ndani ya kikao kilichokwisha kuanza, husoma .bashrc. Terminal ya Mac hupita mlango wa kwanza, ilhali madirisha ya amri ya Linux aghalabu hupita wa pili, basi faili lililotumika huku laweza kukaa kimya kule, ingawa halina kosa hata moja. Fauka ya hayo, tangu macOS Catalina ya mwaka 2019 akaunti mpya za Mac hupewa sheli nyingine, zsh, isomayo .zshrc na isiyolijali .bashrc abadan.

Kwa hiyo sharti kwanza kuuliza: echo $0 hutaja sheli inayojibu, ls -a hufunua yaliyositirika, na echo $PATH huonyesha saraka zipitiwazo. Mistari ya zamani nayo ipimwe kabla ya kuaminiwa, kwani Homebrew, chombo cha kusakinishia programu, kilichokaa /usr/local katika Mac za Intel, hukaa /opt/homebrew katika zile zenye chipu za Apple. Mstari ukisharekebishwa, amri ya source huisomesha sheli upya faili lenye mstari huo papo hapo.