Kabla ya Kununua Hisa za Klabu: Fedha Taslimu na Madeni

Mwananchi wa Kibaha au Kisarawe anaposhawishiwa kununua hisa za kampuni ya michezo, mara nyingi huoneshwa makombe. Tunamshauri aombe mizania iliyokaguliwa.

Humo alinganishe fedha taslimu na madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya miezi 12. Tuchukue mfano wa kubuni: taslimu ni shilingi milioni 900, madeni hayo ni bilioni 1.5. Upungufu ni milioni 600, hata kama timu inaongoza ligi. Atazame pia chanzo cha taslimu hizo. Udhamini uliolipwa mapema kwa msimu ujao huongeza salio la leo, lakini ni wajibu ambao kampuni bado haijautimiza. Ada za usajili zinazolipwa kwa awamu nazo ni deni. Klabu isiyolipa yaweza kuzuiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya.

Jina kubwa si kinga. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005, sehemu ya mikopo ya ununuzi huo ilibebeshwa klabu yenyewe.

Hapa nchini, kanuni huwaachia wanachama wa klabu angalau asilimia 51 ya hisa, na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Mgawanyo huo ni wa umiliki; hauelezi nani anaidai klabu. Mwekezaji aweza pia kuwa mkopeshaji, na kampuni ikifilisika wadai hulipwa kabla ya wenye hisa. Habari hiyo husomwa katika maelezo ya mizania, zile kurasa za nyuma ambazo wengi huziruka.