Sura ya Saba: Busta Isiyozimwa

Mpiga gitaa aliyezoea amplifaya ya valvu, kisha akahamia kwenye mtambo wa dijitali wenye mifano ya amplifaya kadha wa kadha ndani ya sanduku moja la kubebwa mkononi, aghalabu husikitika siku za mwanzo kwa upungufu asioweza kuutaja kwa jina: noti zote zimo, ukali umo, mwangwi umo, walakini sauti ni kavu, mithili ya wali uliopikwa kwa maji matupu bila ya tui. Huanza kuhangaika na vitufe vya besi na trebo, akizidisha hapa na kupunguza pale, hata usiku ukapita naye hajaridhika. Sura hii yahusu dawa iliyo ndogo kuliko mahangaiko hayo, nayo ni busta, yaani kifaa kinachoitia nguvu sauti ya gitaa kabla haijaifikia amplifaya, kikawashwa mara moja wala kisizimwe tena.

Asili ya desturi hii haikukusudiwa na mtu. Huko Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, fundi Mike Battle alikuwa akiunda mashine ya mwangwi iitwayo Echoplex, ambayo ilinasa sauti kwenye utepe wa sumaku na kuirudia baada ya kitambo kidogo. Mashine za awali zilikuwa za valvu. Ile ya EP-3, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa ya transista, na ndani yake kila sauti iliyoingia ilipitishwa kwanza katika saketi ndogo ya kukuzia, mpigaji akitaka mwangwi asitake. Watu waliibeba kwa ajili ya mwangwi, nayo ilikuwa nzito na utepe wake ulichakaa. Bali waliojaribu kuiacha nyumbani walitambua kwamba pamoja na mwangwi walikuwa wameacha unene fulani wa sauti, ambao masikio yao yalikwisha uhesabu kuwa ni wa gitaa lenyewe. Miongoni mwa walioipitishia gitaa zao ni Jimmy Page, Eddie Van Halen na Eric Johnson. Baadaye kampuni ya Xotic ya California iliiga saketi ile peke yake, bila ya utepe wala mwangwi, ikaitia katika pedali ndogo ya EP Booster iwezayo kuongeza hadi desibeli 20. Na kampuni ya Line 6, walipotoa mtambo wao wa Helix mwaka 2015, waliiga pedali hiyo kwa hesabu za kompyuta wakaiita Kinky Boost. Hivyo jambo lililozaliwa kwa sadfa ndani ya mashine ya utepe sasa limo katika programu isiyo na utepe, wala transista, wala waya.

Uingereza nayo ilikuwa na busta yake. Rangemaster ya kampuni ya Dallas, iliyotoka katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa na transista moja tu ya jerimani, ikainua zaidi sauti za juu. Mpiga gitaa Rory Gallagher aliitumia kuiamsha amplifaya ya Vox AC30, na Brian May, aliyevutiwa na sauti ya Gallagher, akaifuata njia hiyo hiyo hata ikawa sehemu ya utambulisho wake.

Sasa tuulize kwa nini nguvu kidogo huzaa utamu, maana hapa ndipo palipo na kiini cha habari. Valvu ya kwanza ya amplifaya haikuzi kila kitu kwa kipimo kimoja: sauti dhaifu hupita imenyooka, ilhali sauti yenye nguvu hupinda, vilele vyake vikabonyezwa kwa ulaini, na katika kule kubonyezwa huzaliwa sauti nyingine ndogo ndogo zilizo juu ya noti ya asili, ambazo sikio huziona kuwa joto na unono. Mtambo wa dijitali ulio mzuri huiga mpindo huo kwa uaminifu, na uaminifu wake ndio unaomponza mgeni: gitaa lenye pikapu za koili moja likiingia kwa unyonge, hesabu hukaa kwenye sehemu iliyonyooka, na mtambo hutoa kile kile ulichopewa. Desibeli 6 huufanya msukumo wa umeme kuwa takriban mara mbili, na desibeli 20 mara kumi; mimi hutumia 3 au 4, kwa kuwa haja yangu ni kuisogeza noti mpaka ukingoni mwa ule mpindo, ili kidole kikipiga kwa upole sauti ibaki safi, na kikipiga kwa hasira ikoroge kidogo. Isitoshe, busta yenyewe ina mpindo wake na rangi yake, kwa hiyo sauti huwa imepikwa mara mbili kwa moto mdogo, jambo ambalo moto mmoja mkali hauwezi kulifanya.

Kwa sababu hiyo mahali pake ni mbele ya amplifaya ya kuigiza. Ikiwekwa nyuma yake, aghalabu huongeza ukubwa wa sauti tu, haigusi umbile. Anayetumia pedali halisi kabla ya mlango wa mtambo na aangalie taa ya kipimo, kwani dijitali ina dari isiyo na huruma: sauti ikiipita, vilele hukatwa kama kwa wembe, na mkato huo hauna undugu wowote na ulaini wa valvu.

Lipo na kosa jingine, nami nililitenda kwa miezi mingi. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio la mwanadamu husikia besi na sauti za juu kwa wepesi zaidi kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Basi busta yoyote, hata iliyo mbovu, ikiwashwa itapendeza, kwa kuwa imeongeza ukubwa. Nilipojilazimisha kupunguza sauti ya mwisho ya mtambo mpaka busta ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa vilingane kwa ukubwa, nyingi katika zile nilizozisifu zilinyamaza zisiwe na la kujitetea, na mbili tu zikabaki. Jaribio hilo halina gharama, na simfahamu mpigaji hata mmoja aliyelifanya kwa makini akabaki na mpangilio wake wa zamani.

Mwenye kuiacha busta ikiwaka daima hutengeneza sauti yake yote juu yake, halafu akiitaka safi hupunguza kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa hadi 6 au 7, wala hagusi kitu kwa mguu. Ila ajue kwamba kilichokuzwa si noti peke yake: umeme wetu wa hezi 50 huvuma ndani ya pikapu za koili moja, na busta huukuza mvumo huo sawasawa na wimbo. Kizuia kelele kikiwekwa mwanzo kabisa, kabla ya busta, na kikafungwa polepole kiasi cha kuacha noti ife yenyewe, ukimya baina ya beti mbili hurudi kuwa ukimya.