Oveni ya gesi ikizimika, usiilazimishe kuwaka

ASUBUHI za Juni na Julai katika mji wa Mbinga, mkoani Ruvuma, huwa na baridi kali. Kwa mama anayeoka mikate au keki za biashara, ni asubuhi hizo hizo ambazo oveni ya gesi huanza kumsumbua. Anabonyeza swichi, moto unawaka, lakini akiiachia tu, unazimika. Unga umekwisha kuumuka, mteja anasubiri, na fundi anayeyafahamu majiko hayo huenda yuko Songea.

Katika hali hiyo wapo wanaoamua kuifunga swichi kwa mpira au kuikandamiza kwa kijiti ili isirudi. Moto hubaki, mikate huiva na tatizo huonekana kuwa limekwisha. Ukweli ni kwamba aliyefanya hivyo ameondoa kinga iliyokuwa ikimlinda yeye na familia yake, kwa kuwa mara nyingi oveni inayozimika swichi inapoachiwa huwa inatimiza kazi yake ya kuzuia gesi isiyowaka.

Suala hilo linazidi kuwagusa watu wengi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kadiri mitungi inavyoingia katika nyumba zilizozoea kuni na mkaa, ndivyo ujuzi wa kutambua kasoro za majiko ya gesi unavyohitajika.

Kwanza usalama

Oveni ikikataa kuwaka, hatua ya kwanza ni kufunga swichi, kufungua mlango wa oveni na madirisha, kisha kusubiri kwa muda usiopungua dakika tano kabla ya kujaribu tena. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Propeni ni nzito kuliko hewa kwa takribani mara moja na nusu, na buteni kwa takribani mara mbili. Kwa sababu hiyo gesi iliyovuja haipandi juu na kupotea kama moshi, bali hutuama ndani ya oveni na sakafuni ikisubiri cheche.

Harufu kali inayosikika si ya gesi yenyewe, kwa kuwa gesi hiyo kwa asili haina harufu. Huchanganywa na kemikali yenye kunuka ili mtumiaji agundue uvujaji mapema. Harufu ikisikika wakati swichi zote zimefungwa, mtungi ufungwe, taa isiwashwe wala kuzimwa, na watu watoke nje. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Oveni isiyowaka kabisa

Iwapo hakuna dalili ya moto, jambo la kujua ni kinachokosekana: cheche au gesi. Njia rahisi ni kuwasha moja ya majiko ya juu yanayotumia mtungi huo huo. Yakiwaka vizuri, mtungi, mpira na regulata havina tatizo, na kasoro imo ndani ya oveni. Yasipowaka, chanzo kitafutwe kwenye mtungi.

Mtungi haupimwi kwa kuutikisa. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiutoa katika uzito unaosomeka kwenye mizani, kinachobaki ni gesi. Katika wilaya iliyozoea kupima kahawa, hilo si jambo geni, na mnunuzi ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla ya kuuchukua.

Kama gesi inasikika ikitoka lakini hakuna cheche, huenda betri ya kuwashia imekwisha, umeme umekatika, au ncha inayotoa cheche imelowa au imefunikwa na mafuta. Ncha hiyo husafishwa kwa kitambaa kikavu jiko likiwa limepoa. Majiko mengi huruhusu kuwasha kwa kiberiti, ila ni lazima njiti iwashwe na kusogezwa kwenye kichomeo kwanza, ndipo swichi ifunguliwe. Anayefungua gesi kisha akaanza kutafuta kiberiti huikaribisha ajali.

Kama cheche ipo na majiko ya juu yanawaka, huenda nozeli, yaani tundu dogo linaloingiza gesi kwenye kichomeo cha oveni, imeziba kwa masizi, kutu au utando wa buibui. Mwaka 2011 kampuni ya magari ya Mazda ililazimika kuyarudisha kwa marekebisho maelfu ya magari nchini Marekani, baada ya kubainika kuwa buibui walijenga utando katika bomba dogo la mfumo wa mafuta. Oveni iliyokaa miezi kadhaa bila kutumika inaweza kupatwa na tatizo kama hilo. Nozeli isichokolewe kwa waya wala sindano, kwani tundu likipanuka hata kidogo hupitisha gesi nyingi kuliko hewa iliyopo.

Inayozimika swichi inapoachiwa

Hili ndilo tatizo linalowasumbua wengi, na chanzo chake mara nyingi ni kijiti cha chuma chenye ukubwa wa msumari kilicho kando ya kichomeo, kiitwacho themokapo. Ndani yake zimeunganishwa metali mbili za aina tofauti. Sehemu ya muungano ikipata joto, umeme mdogo huzalishwa. Kanuni hiyo iligunduliwa mwaka 1821 na mwanasayansi wa Ujerumani, Thomas Seebeck.

Umeme huo ni mdogo mno, takribani milivolti 30, sawa na sehemu moja ya hamsini ya nguvu ya betri moja ya tochi. Hata hivyo, unatosha kuipa nguvu sumaku inayoshikilia valvu ya gesi ikiwa wazi. Sumaku hiyo haina uwezo wa kuifungua valvu, bali huishikilia tu baada ya kufunguliwa. Ndiyo maana mtumiaji hutakiwa kubonyeza swichi kwa mkono hadi themokapo ipate joto. Moto ukizimika, themokapo hupoa, sumaku huachia, na gesi hukatika yenyewe.

Kwa kufahamu hilo, uchunguzi huwa rahisi. Kwanza, swichi ishikiliwe kwa sekunde 10 hadi 15 baada ya moto kuwaka. Katika asubuhi yenye baridi huenda ikahitaji muda zaidi kidogo. Pili, iangaliwe kama ncha ya themokapo imo ndani ya moto, maana ikipinda wakati wa kusafisha haitapata joto. Tatu, masizi yaliyoifunika ncha hiyo yaondolewe taratibu kwa brashi au msasa laini, jiko likiwa limepoa na mtungi umefungwa.

Hatua hizo zisipofaulu, yawezekana themokapo imekufa au muungano wake na valvu umelegea, na hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Kwa kawaida themokapo hubadilishwa bila kununua oveni nyingine, mradi ilingane na aina ya jiko.

Anayeifunga swichi kwa mpira huifanya valvu ibaki wazi hata pasipo moto. Upepo ukipita, au gesi ikipungua kwa muda mfupi kisha ikarudi, moto huzimika lakini gesi huendelea kujaa ndani ya sanduku lililofungwa. Cheche ya kwanza baada ya hapo inaweza kuung'oa mlango wa oveni na kumuunguza aliye mbele yake.

Inayozimika katikati ya kuoka

Kundi la tatu ni la oveni zinazowaka vizuri kisha kuzimika baadaye. Hapa mazingira ya Mbinga na yale ya mwambao wa Ziwa Nyasa hutofautiana.

Mbinga ipo katika nyanda za juu, na baridi yake huathiri mtungi. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na inapogeuka kuwa hewa huchukua joto la mtungi. Mtungi wa kilo sita ukilazimishwa kulisha oveni na majiko manne kwa pamoja hupoa haraka, na msukumo wa gesi hushuka. Aidha, propeni hutangulia kutoka na kuacha buteni nyingi zaidi, ambayo hugeuka hewa kwa shida wakati wa baridi. Hivyo mtungi unaokaribia kwisha unaweza kuonekana mtupu alfajiri na kufanya kazi mchana. Dawa yake ni kutumia mtungi mkubwa zaidi na kuzima majiko mengine, si kuupasha mtungi kwa makaa.

Vilevile, kadiri mahali palivyo juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Moto wa oveni ukiwa wa njano na wenye masizi badala ya buluu, ni dalili kwamba hewa haitoshi kuichoma gesi yote. Moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu. Fundi hurekebisha tundu la hewa la kichomeo, na jiko lisitumike katika chumba kilichofungwa.

Kwa upande wa mwambao, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, joto ni kubwa zaidi na baridi si tatizo. Huko cha kuangaliwa ni upepo wa ziwani unaoingia dirishani na unyevu unaozalisha kutu kwenye viunganishi. Jiko lihamishwe kutoka mkondo wa upepo badala ya kuziba madirisha. Matundu ya oveni nayo yasifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu, kwani moto uliokosa hewa huzimika mara mlango unapofungwa.

Kote kuwili, regulata iwe ile ya msukumo mdogo iliyotengenezwa kwa majiko ya nyumbani. Regulata ya msukumo mkubwa, inayotumika kwenye majiko makubwa ya biashara, huweza kuurusha moto mbali na kichomeo hadi ukazimika. Mpira wa gesi nao ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa njiti ya kiberiti.

Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni takribani kilometa 66, na fundi akikosekana Mbinga safari huendelea hadi Songea. Nauli hiyo ni mzigo kwa anayeishi kwa kuuza mikate. Hata hivyo, oveni inaweza kusubiri fundi kwa siku mbili au tatu na mikate ikaokwa kwa makaa kama zamani. Swichi iliyofungwa kwa mpira haimhakikishii mwenye nyumba hata siku moja.