Plagi Kuingia Si Kuunganishwa

Nikiwa fildi mwisho wa mwaka wa tatu, nilipangiwa hospitali moja ndogo iliyokuwa ndo imefungiwa laini ya ISDN. Siku ya kwanza fundi akaniambia, "Dogo, hamishia hiyo faksi kwenye laini mpya." Nikakiona kisanduku ukutani, kina matundu mawili. Plagi ikaingia bila shida. Nikainua mkono wa simu: kimya. Hakuna mlio.

Mzee akacheka. "Plagi kuingia si kuunganishwa, mwanangu."

Tuanzie hapo. Simu ya analojia husafirisha sauti kama mawimbi ya umeme, na hutegemea waya huohuo uiletee kila kitu: umeme wa takriban volti 48, mlio wa kupigia, na mkondo wa kuliza kengele. ISDN ni dijitali mpaka ndani ya jengo. Sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde. Hiyo ni chaneli moja, inaitwa B. Laini ya msingi ina chaneli B mbili, pamoja na chaneli D ya biti 16,000 inayobeba maelekezo: nani anapiga, nani apokee, simu ikatwe lini.

Waya mbili kutoka nje huishia kwenye kile kisanduku, NT1. Upande wa ndani hutoka waya nne, jozi ya kutuma na jozi ya kupokea, na njia hiyo huitwa basi. Jina limekaa vizuri: vifaa hadi 8 vinaweza kupanda, ila viti vya kuongelea ni viwili tu, zile B mbili. Mwisho wa basi hufungwa vikinza vya omu 100, kimoja kwa kila jozi. Ukivisahau, ishara hugonga mwisho wa waya, hurudi nyuma, na kuvuruga zinazokuja.

Sasa, nani anapanda moja kwa moja? Simu ya ISDN, au kompyuta yenye kadi ya ISDN. Faksi ya kawaida, simu ya zamani na modemu lazima zipitie adapta, ambayo wenyewe huiita TA. Adapta hujifanya mtambo wa simu: inatoa volti, mlio na kengele, kisha inageuza mawimbi kuwa biti. Ila usiichomekee modemu ili kompyuta ipate intaneti. Hapo unageuza biti kuwa sauti, halafu sauti kuwa biti tena, na kasi yote ya ISDN inapotea njiani.

Baada ya somo hilo nikajiona fundi. Nikafunga faksi kwenye adapta, na simu ya zamani ya mapokezi nayo nikaipeleka hukohuko. Zote zikalia. Nikapongezwa.

Wiki mbili baadaye umeme ukakatika usiku. Jenereta lilihudumia wodi na maabara. Soketi ya adapta haikuwemo. Asubuhi muuguzi wa zamu akanieleza kwamba mama mmoja alifika na mtoto mwenye degedege, amempakia bodaboda. "Nimepiga simu yenu mpaka nimechoka," alisema. Alitaka gari la wagonjwa, nalo lilikuwa limeegeshwa getini. Mtoto alipona. Mimi sikula mchana ule.

Kumbe simu ile, ilipokuwa kwenye laini ya analojia, haikuwahi kuzimika, kwa sababu ililishwa na betri za mtambo wa kampuni ya simu. Mimi ndiye niliyeihamishia kwenye umeme wa ukutani bila kujiuliza. ISDN ina kinga yake: umeme ukikatika, laini inaweza kuleta kupitia NT1 umeme kidogo unaotosha simu moja tu ya ISDN iliyowekewa kazi ya dharura. Adapta haiwezi kuishi kwa umeme huo. Tukaweka simu ya namna hiyo mapokezi, tukaijaribu kwa kuzima swichi kuu, kisha adapta tukaipa UPS.

Utasema ISDN inakufa, ya nini kuisoma? Ni kweli, Uingereza inaizima pamoja na laini za analojia. Lakini BT ilisogeza tarehe ya mwisho kutoka Desemba 2025 hadi Januari 2027, na hoja kubwa ilikuwa vifaa vya kuombea msaada vya wazee na wagonjwa, vinavyotegemea laini zile za zamani. Ni lile kosa langu, kwa ukubwa wa nchi. Ukichomeka simu kwenye kisanduku cha faiba leo, mtego ni uleule.

Kwa hiyo wewe unayekwenda fildi, ukikabidhiwa waya uliza mambo matatu: kifaa hiki kinaongea lugha gani, nani anakitafsiria, na umeme ukikatika nani anakilisha. La tatu haliandikwi kwenye plagi. Zima swichi kuu mwenyewe, uone.