Picha 20, sekunde 20: Nusura tukosane na shoga yangu!

Leo tuweke pembeni habari za wachumba na misuko, nikupe kisa kilichonitoa kijasho chembamba.

Nasoma kozi fupi ya jioni hapa Dar. Mwalimu katupanga wawili wawili, akasema kila jozi isimame mbele na picha 20. Kila picha ikae ukutani sekunde 20 tu, halafu kompyuta yenyewe inaleta nyingine. Hujamaliza sentensi? Shauri yako! Jumla dakika 6 na sekunde 40, na hapo ndipo ilipo nusu ya maksi za kozi.

Mtindo huu unaitwa PechaKucha, neno la Kijapani lenye maana ya porojo. Ulianzia Tokyo mwaka 2003, ukaletwa na wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham. Shida yao ilikuwa moja: msanifu ukimpa kipaza sauti, hakiachii!

Sisi tukachagua khanga. Tukajua mteremko: unapiga picha kwa simu, unapanga, unasema. Thubutu! Zoezi la kwanza, picha ya mji, yaani lile eneo la katikati ya khanga, imeshatokea, shoga yangu bado anahadithia pindo la pembeni. Kufika picha ya nane tumepotea kabisa, tunacheka kama mazuzu.

Kesho yake tukashika saa. Kumbe kwa kusema taratibu, sekunde 20 tunamaliza maneno kama 35 hivi. Tukaanza kufyeka. Na hapo ndipo patashika ilipoanza.

Picha ya 17 ilikuwa khanga ya marehemu bibi yake, imechakaa, jina lake hata halisomeki. Mimi nikasema, "Hii itoke, haina la kusema." Shoga yangu akanitazama, akafunga daftari, akaondoka. Siku mbili hakupokea simu yangu, na zilibaki siku tatu tu!

Nikamfuata kwao. Mama yake akanikaribisha chai, akaniambia khanga ile ndiyo bibi aliyombebea mgongoni huyu binti alipokuwa mchanga. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi mwenzangu. Akasema, "Iache. Mimi sitasema kitu, nitanyamaza sekunde zote 20."

Siku ya siku, picha ile ilipotokea, akanyamaza kweli. Darasa zima kimya. Wale waliokuwa wanachezea simu wakainua vichwa. Sekunde 20 za kimya ni ndefu, bwana wee! Tulipomaliza, mwalimu alituuliza swali moja tu: khanga ile ilikuwa ya nani?

Maksi tulipata nzuri, ila si za kwanza. Hainiumi.

Nawe ukipewa kazi kama hii, shika haya. Kwanza, amueni neno moja mnalotaka watu waondoke nalo, ndipo mtafute picha. Pili, usijaze maandishi ukutani, watu watasoma wakuache unabwabwaja peke yako. Tatu, kwenye PowerPoint ingia sehemu ya Transitions, weka sekunde 20, uondoe alama ya kusubiri kubonyeza mausi, kisha uamuru picha zote zifuate. Nne, gawaneni kwa mafungu, mmoja picha tano, mwingine tano. Mkipokezana kila picha mtagongana. Tano, fanyeni mazoezi mkiwa mmesimama, kwa sauti, na saa mkononi. Ukichelewa, usikimbize maneno: ruka, udake picha iliyopo.

La mwisho, kabla hujafuta picha ya mwenzio, muulize kwanza kwa nini kaileta. Khanga huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Ukikata vibaya, umeharibu vyote.

Tukutane wiki ijayo. Kaa chonjo!