Wamarekani na Kandanda: Dhana ya Mabao Machache

Swali hili limekwisha kuulizwa mara nyingi mno, katika baraza za Mbamba Bay, katika magari yapandayo kwenda Mbinga, na katika vibanda umiza vya Liparamba ambako ratiba ya mechi huandikwa kwa chaki juu ya kipande cha ubao, hata haifai tena kulijibu kwa tabasamu na kupita: "Mwalimu, hivi kwa nini Wamarekani hawaupendi mpira?" Na kabla mwalimu hajafungua kinywa, muulizaji hujijibu mwenyewe, kwa yakini ya kadhi aliyekwisha kutoa hukumu, kwamba Mmarekani ni mtu wa haraka, hana subira ya kukaa dakika 90 akingoja bao moja, na sare ya bila kwa bila kwake ni hasara ya nauli, na wengine huongeza kwamba mpira umo katika damu ya Mwafrika na ya Mbrazili, na katika damu ya Mmarekani haumo. Swali lina kasoro, jibu lina kasoro kubwa zaidi, na madhali kasoro hiyo hutudhuru sisi kuliko inavyomdhuru Mmarekani, nimeona ni wajibu niieleze kwa kirefu.

Naanza na hoja ya mabao, maana ndiyo ipendwayo kuliko zote na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Mchezo ambao Wamarekani waliuita mchezo wa taifa lao tangu karne ya 19 ni besiboli, na besiboli huchukua saa tatu au karibu yake, ambamo mrushaji husimama juu ya kichuguu chake, hurekebisha kofia, hutazama ishara za vidole za mwenzake, hukataa moja na kuafiki nyingine, kisha ndipo hurusha mpira. Na mara nyingine, baada ya subira yote hiyo, matokeo huwa mawili kwa moja, au moja kwa bila, na mrushaji aliyewanyima wapinzani kila pigo la maana mchana kutwa hutukuzwa kama shujaa. Ama mpira wao wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi, wingi wa alama zake ni wingi wa hesabu tu: kuvuka mstari mara moja huhesabiwa alama sita, na teke linalofuata huongeza moja, hivyo mechi iliyokwisha kwa 21 kwa 14 aghalabu ni mechi ambayo timu moja imevuka mara tatu na nyingine mara mbili, yaani tatu kwa mbili, matokeo ambayo mtazamaji wa Simba na Yanga anayajua vizuri. Na kuhusu sare, ligi yao kuu ya kulipwa ya mchezo huo haikuweka muda wa nyongeza katika mechi za kawaida za msimu hadi mwaka 1974, na vyuo vikuu vyao viliendelea kuishia sare hadi katikati ya miaka ya 1990, wala hapana aliyesikia kwamba viwanja vilibaki vitupu kwa sababu hiyo.

Kama ithibati hiyo haitoshi, iko nyingine ambayo sijamwona mtu aliyeweza kuijibu. Tarehe 17 Julai 1994, katika uwanja wa Rose Bowl ulioko Pasadena, California, watazamaji 94,194 walihudhuria fainali ya Kombe la Dunia baina ya Brazili na Italia, na katika dakika 120 za mchezo chini ya jua kali halikufungwa bao hata moja, mpaka Roberto Baggio alipoupaisha mkwaju wake wa penalti juu ya mwamba na Brazili wakatwaa kombe. Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Julai 1999, katika uwanja huo huo, watazamaji 90,185 walikuja kuwatazama wanawake wa Marekani wakicheza fainali yao na Uchina, na mechi hiyo nayo ilikwenda dakika 120 bila kwa bila, ikaamuliwa kwa penalti, na nchi nzima ikashangilia. Mashindano yale ya 1994, yenye timu 24 na mechi 52 tu, yalivuta jumla ya watazamaji takriban milioni tatu na nusu, rekodi ambayo mashindano saba yaliyofuata, yenye timu nyingi zaidi na mechi nyingi zaidi, hayakuivunja. Mtu asiyeweza kuvumilia sare hanunui tiketi ya namna hiyo, wala halii kwa furaha mwisho wake.

Tena, dhana hii husahau kuutazama ulimwengu uliobaki. Mhindi na Mpakistani hukaa siku tano wakitazama mechi moja ya kriketi inayoweza kwisha bila mshindi; Mkanada hushikilia hoki ya barafuni; Mwaustralia ana mpira wake mwenyewe wa umbo la yai; watu wa New Zealand wana raga; na katika Kuba, Jamhuri ya Dominika na Venezuela besiboli hutangulia mbele ya kandanda. Basi yule anayezungumza kana kwamba dunia yote iko upande mmoja na Marekani peke yake upande wa pili, anaieleza dunia isiyokuwapo, na kila tabia anayombandika Mmarekani, ya haraka au ya pupa, itamlazimu ambandike pia mwanakijiji wa Punjab, naye ni mtu wa subira kubwa.

Ama hoja ya damu, hiyo naichukia kwa sababu inatuhusu. Babu wa babu zetu huku Unyasa na Umatengo hawakupiga mpira huu hata siku moja. Katika mwambao wetu uliingia mwishoni mwa karne ya 19, kwa mikono ya Waingereza wa kampuni ya simu ya baharini huko Unguja na ya shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA, misheni ile ile ambayo kituo chake kikuu cha Ziwa Nyasa kilikuwa Likoma na ambayo ilikuwa na mizizi Liuli, hapa ufukweni kwetu. Wanafunzi walijifunza pamoja na kusoma na kuhesabu, wakatawanyika wakiwa walimu na makarani, na kila alikokwenda karani, mpira ulikwenda naye. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikwisha kuanza kushindania Kombe la Gossage. Mwaka 1935 ilizaliwa Yanga na mwaka 1936 klabu ambayo leo ni Simba. Kadhalika ngoma yetu ya mganda, ambayo kijana wa leo huiona ni urithi wa tangu na tangu, kwa safu zake zilizonyooka, sare zake nyeupe na vyeo vyake vya kijeshi, ilitokana na gwaride la askari wa enzi ya ukoloni. Kitu hufika, hupata watu wa kukilea, na baada ya vizazi viwili watu huapa kwamba walizaliwa nacho.

Hapo ndipo sababu ya kweli ilipo, na ni fupi kuliko uvumi wake. Baina ya mwaka 1870 na 1930 hivi, mataifa mengi yalijenga kwa mara ya kwanza miji ya viwanda, reli, magazeti ya kila siku na shule za umma, na mchezo uliozikuta taasisi hizo zikiwa changa ulizikalia, ukapata mashabiki, fedha na waandishi, na michezo iliyofuata ikakuta nafasi zimekwisha. Marekani, tofauti na Buenos Aires au Unguja, haikungoja baharia wa Kiingereza ailetee mchezo: klabu ya besiboli ya Cincinnati ilikuwa ikilipa wachezaji wake wote mwaka 1869, na Ligi ya Taifa ya mchezo huo iliundwa mwaka 1876. Vyuo vikuu vilikaribia sana kuchagua mpira wa miguu, kwani mwaka 1873 Princeton, Yale, Columbia na Rutgers vilikubaliana kanuni za mchezo wa kupiga teke. Lakini Harvard, chenye mchezo wake wa kushika kwa mikono, kilikataa kuhudhuria, kikacheza na chuo cha McGill cha Montreal mwaka 1874 kwa kanuni za raga, na kufikia mwaka 1876 vyuo vingine vilikuwa vimemfuata mkubwa huyo. Lau Harvard kingekubali mwaliko mmoja, huenda leo tungekuwa tunauliza swali jingine.

Wala si kweli kwamba soka halikupata watu huko. Wafumaji wa Fall River na wafua chuma wa Bethlehem, wengi wao wahamiaji, walikuwa na timu na ligi ya kulipwa tangu mwaka 1921. Ugomvi wa viongozi ulioanza mwaka 1928, ukifuatiwa na anguko la uchumi la 1929, ndio ulioizika. Timu ya taifa ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930, na mwaka 1950, huko Belo Horizonte, ikawafunga Waingereza bao moja kwa bila kwa kichwa cha Joe Gaetjens, mzaliwa wa Haiti. Na hujja iliyo kubwa kuliko zote ni ya wanawake: mwaka 1972 ilipitishwa sheria, maarufu kwa jina la Title IX, iliyozilazimu shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali visiwabague wasichana, pamoja na katika michezo, na kwa kuwa katika michezo ya wanawake hapakuwa na mchezo wa zamani uliokwisha kukalia nafasi, wasichana hao, wenye damu ile ile na subira ile ile ya kaka zao, walitwaa Kombe la Dunia mwaka 1991, 1999, 2015 na 2019. Mlango wa shule ulipofunguliwa, kila kilichosemwa juu ya maumbile ya Mmarekani kilibatilika katika muda usiotimia miaka 20.

Sasa, faida yetu ni ipi? Nitasema kwa ufupi, maana hapa hapana siri. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa nchi katika miaka ya 1980 na tena mwaka 1998, na mabinti wetu wa chini ya miaka 17 walifika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022. Kwa hiyo uwezo upo, na kinachokosekana ni malezi. Kipindi cha michezo kilicho katika ratiba ya shule kisigeuzwe kipindi cha kupalilia shamba la mwalimu. Chandimu ya watoto, ya mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba za katani, isifukuzwe uwanjani wakubwa wanapotaka kucheza. Wasichana wapewe siku zao na mpira wao. Mashindano ya ndondo yawe na kalenda inayojulikana, badala ya kungoja mwaka wa uchaguzi na jezi za mgombea. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, yaandaliwe tangu Januari, wala si wiki moja kabla. Atakaye netiboli, riadha au mpira wa kikapu vistawi Nyasa na Mbinga, avipeleke katika shule za msingi kwanza, kwani huko ndiko mchezo unakopata wenyewe.

Basi namwomba kila mzazi, kila mwalimu na kila diwani anayesoma makala haya, kabla ya muhula ujao kufunguliwa, aende katika stoo ya shule ya kijiji chake ahesabu mipira iliyomo, na hesabu hiyo ikiwa haitoshi, achange pamoja na wenzake mpira ununuliwe.